Neno "Perpetual" Katika Mikataba Yetu: Je, Maana Yake ni Milele?

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za miradi za sharika



Nimepewa mada yenye neno moja tu, tena la Kiingereza. Neno hilo ni "perpetual". Naona baadhi yenu mnatazamana, kwa kuwa katika semina zetu tumezoea mada kama utunzaji wa vitabu vya fedha na uandishi wa maandiko ya miradi. Hata hivyo neno hili limo katika nyaraka ambazo karibu kila usharika unazitegemea: cheti cha usajili wa wadhamini, mikataba ya kutoa ardhi au chanzo cha maji, na hati za mifuko ya fedha. Kila linapofika kwetu, katibu huandika katika muhtasari "wa milele", wajumbe huitikia, na kazi huendelea kana kwamba tumeelewana. Kwa maoni yangu hatujaelewana, wala sisi na wafadhili, wala sisi kwa sisi.

Nianze na maana yenyewe. Neno hili Waingereza walilipata kutoka Kilatini, ambako lilimaanisha kitu kinachoendelea bila kukatika. Warumi walilitumia hata kwa vitu visivyohusu wakati, kama msitu mrefu usio na uwazi katikati. Ndugu zake katika Kiingereza ni wengi, na kila mmoja ana kazi yake. Lipo "eternal", ambalo kwa asili ni la Mungu na la mambo ya Mungu, yasiyopimwa kwa miaka. Lipo "permanent", linalotokana na neno la kubaki: kitu kimewekwa na kinabaki pale pale, kama nyumba ya tofali za kuchoma na bati ikilinganishwa na kibanda cha nyasi. "Perpetual" halitazami kama kitu kimebaki vilevile. Linatazama kama kuna pengo. Mto usiokauka kiangazi unaitwa mto wa kudumu, lakini maji ya leo siyo ya jana. Yote yamepita, na mto haujakatika.

Waingereza hulitumia neno hilo hilo wakilalamika. Magomvi ya jirani asiyetulia, au bomba linalopasuka kila mwezi, huitwa "perpetual" pia, si kwa sababu hayapumziki hata usiku, bali kwa sababu kila mkidhani yamekwisha, hayo yanarudi. Nimekagua pampu kadhaa ambazo neno hili linazifaa kwa maana hii ya pili tu.

Upande wetu, Kiswahili kina utajiri wake. "Daima" na "kudumu" ni ndugu wa tumbo moja, yote yametoka katika shina moja la Kiarabu. "Milele" tumelizoea katika Biblia na katika liturgia. "Endelevu" ni letu, limetokana na kuendelea, na limeenea sana katika lugha ya miradi tangu Tume ya Gro Harlem Brundtland ilipotoa ripoti yake mwaka 1987 na dunia nzima ikaanza kuzungumzia maendeleo endelevu. Leo hakuna andiko la mradi lisilo na neno endelevu, hata andiko la kununua viti vya plastiki. Lakini endelevu huuliza kama rasilimali zitatosha. "Perpetual" huuliza jambo jingine: aliyeshika akiachia, nani anashika?

Hapa naomba tufungue Biblia, maana sisi ni watu wa Neno kabla ya kuwa watu wa miradi. Katika Kutoka 29 Haruni na wanawe wanapewa ukuhani kwa amri ambayo Biblia yetu ya Kiswahili ya Union inaiita ya milele. Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611, imetumia pale neno "perpetual". Sasa, Haruni mwenyewe hakuishi milele. Tukienda Hesabu 20 tunamwona akipanda mlima Hori pamoja na Musa na mwanawe Eleazari, mbele ya macho ya kusanyiko lote. Musa anamvua Haruni mavazi yake, anamvika Eleazari, ndipo Haruni anakufa kule juu. Angalieni mpangilio. Mavazi yalivuliwa wakati mwenyewe yu hai. Mrithi alijulikana kwa jina. Kusanyiko liliwaona wakipanda, na Eleazari aliposhuka lilijua kilichotokea. Ukuhani haukukaa hata siku moja bila kuhani, na hiyo ndiyo "perpetual".

Mfano wa pili ni moto wa madhabahu katika Walawi 6. Moto ule uliagizwa usizimike kamwe. Watu wengi husimama hapo na kuhubiri juu ya moto. Mimi kama mratibu wa miradi huvutiwa na mstari unaouzunguka, unaomwagiza kuhani aweke kuni kila siku asubuhi. Moto wa daima ulikuwa na bajeti ya kuni. Kulikuwa na mtu wa zamu, na kazi yake ilikuwa na saa yake.

Nimelileta jambo hili kwenu kwa sababu ya mzee mmoja katika mtaa wa usharika wetu mmojawapo, ambaye sitamtaja jina. Ukoo wake ulikubali kutoa eneo lenye chemchemi ili maji yavutwe hadi shuleni na kwenye makazi. Mkataba uliandaliwa kwa Kiingereza kwa sababu ya wafadhili, nao ulisema jamii itapata matumizi "perpetual" ya chanzo kile. Tulipomsomea kwa Kiswahili tukasema "milele". Mzee akaweka kalamu chini. Akasema, "Milele ni ya Mungu, wanangu. Mimi nawapa maji, milele sina." Wapo waliodhani anataka kuongezewa fedha. Tulirudi mara ya pili na kumweleza kwamba maana yake ni haki ya kuchota kuendelea bila kukatika hata baada yake na baada yetu. Akasema hilo analikubali, ila ana swali: wajukuu wake wakikuta bomba limepasuka na shamba limejaa maji, wamwendee nani? Pale mezani tulikuwa watu kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na jibu lake. Wengine walisema mchungaji, wengine mwenyekiti wa kamati, wengine mfadhili, mmoja alisema serikali.

Swali la mzee lile ndilo maana halisi ya neno. Mkataba haukusainiwa siku ile, wala sikusikitika. Ulisainiwa baadaye, mbele ya halmashauri ya kijiji, ukiwa na kifungu kinachotaja cheo cha kumwendea, siyo jina la mtu. Aidha, hali ya sheria imebadilika: tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, na kuna vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Kamati ya usharika iliyochimba kisima zamani na haijui uhusiano wake na chombo cha eneo lake, tayari ina pengo, hata kama pampu inatoa maji.

Tuje kwenye cheti cha wadhamini. Chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, wadhamini wakishasajiliwa na Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye siku hizi ofisi yake iko RITA, wanakuwa kitu kimoja mbele ya sheria. Wana lakiri yao, wanaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Sheria inaongeza kwamba chombo hicho kina "perpetual succession". Wanaotafsiri hupata taabu hapa, mimi napenda kusema "kurithishana bila kukatika". Wadhamini watano wanaweza kufariki wote katika miaka kumi, na mali isirithiwe na watoto wao wala isikose mwenyewe, kwa kuwa mwenyewe hakuwa wale watano bali chombo. Ndiyo maana kiwanja cha kanisa hakiandikwi kwa jina la mchungaji, hata awe mwaminifu namna gani. Halmashauri ya kijiji nayo ni chombo cha namna hiyo, kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982.

Lakini sheria hutoa uwezo wa kurithishana, haifanyi kazi ya kurithishana kwa niaba yetu. Inataka taarifa ipelekwe wadhamini wanapobadilika. Kikundi kilichoacha majina ya marehemu katika kumbukumbu za msajili kina cheti cha "perpetual" ukutani na pengo ndani ya faili. Siku ya kesi ya kiwanja, mwanasheria wa upande wa pili atalisoma faili, hatasoma ukuta.

Na kwa kuwa tumetaja viwanja, niseme jambo ambalo wengi hawalijui. Misheni za zamani zilikuwa na ardhi ambayo kwa sheria za wakoloni ilimilikiwa bila ukomo wa miaka. Watu waliita hiyo ardhi ya milele. Mwaka 1963 sheria ya nchi iliibadilisha miliki ya namna hiyo kuwa ya miaka 99 kutoka serikalini, na mwaka 1969 ikabadilishwa tena kuwa haki ya kumiliki ardhi kama tunayoijua. Miaka 99 tangu 1963 inafika mwaka 2062. Watoto wa shule ya Jumapili ya leo ndio watakaokuwa kwenye kamati. Je, katika usharika wako yupo anayejua mwaka wa mwisho ulioandikwa kwenye hati yenu? Walawi 25 inatukumbusha kwamba ardhi ni ya Bwana na sisi ni wageni juu yake, na nadhani sheria ya 1963 ilitufundisha jambo hilo kwa njia ya mhuri.

Tena sisi Walutheri wa nchi hii tunayo historia yetu katika jambo hili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Walirudi, na vita vilipoanza tena mwaka 1939 wakawekwa kizuizini. Mara zote mbili fedha zilikatika na viongozi waliondoka kwa ghafla. Ibada hazikukatika. Walimu na wainjilisti, wengi wao wasio na mshahara wa kueleweka, walifundisha katekisimu, walizika na walisali na wagonjwa. Makanisa yaliyopita katika moto huo ndiyo yaliyoendelea hadi makanisa saba yakaungana kuwa KKKT tarehe 19 Juni 1963. Majengo mengine ya misheni yalibomoka. Kwa lugha ya leo tungesema kazi haikuwa "permanent" kwa majengo, ila ilikuwa "perpetual" kwa watu.

Mfano mwingine unatoka mbali, Uholanzi, lakini ni wa chombo cha maji kama vyombo vyenu, kwa hiyo naomba mnivumilie. Mwaka 1648 bodi iliyotunza tuta la kuzuia mafuriko ya mto Lek, iitwayo Lekdijk Bovendams, ilikopa gulden 1,000 kwa ajili ya ujenzi mtoni. Mkataba uliandikwa juu ya ngozi ya mbuzi. Haukuwa na tarehe ya kurudisha mkopo. Uliahidi tu kulipa riba kwa yeyote atakayeishika hati ile. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kilinunua hati hiyo kwa ajili ya maktaba yake. Mwaka 2015 mtunzaji wa nyaraka wa chuo alisafiri hadi Uholanzi, akalipwa riba ya miaka 12, jumla euro 136.20. Nauli yake nadhani ilizidi hapo mara nyingi!

Ni kweli kwamba riba ile ilikwisha punguzwa zamani kutoka asilimia 5. Lakini tazameni: waliosaini wamekufa zaidi ya miaka 300. Bodi iliyokopa haipo tena kwa jina lake. Chombo kilichoirithi, De Stichtse Rijnlanden, kilipokea mito, kikapokea matuta, na kikapokea deni pia. Hakikusema "hiyo ilikuwa kamati iliyopita". Ndugu zangu, maneno hayo, "hiyo ilikuwa kamati iliyopita", nimeyasikia katika sharika zetu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mwaka huo huo wa 2015 serikali ya Uingereza ililipa na kufuta madeni yake ya mwisho ya namna hii, mengine yakiwa na asili ya karne ya 18. Hapo tunajifunza kwamba "perpetual" katika mkataba halimaanishi hauwezi kukoma. Linamaanisha hakuna tarehe ya kukoma iliyowekwa. Mara nyingi kuna kifungu kinachoeleza nani anaweza kuukomesha na kwa masharti gani. Kabla ya kusaini, tafuteni kifungu hicho. Kama hakipo, ulizeni kwa nini.

Sasa fedha. Wafadhili kadhaa wameanza kutoa mifuko ya "perpetual", kwa mfano ya kusomesha yatima. Maana yake ni kwamba mtaji hauguswi, linalotumika ni pato lake. Kamati nyingi zimeelewa nusu hiyo ya kwanza. Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Tuseme mfuko una shilingi 20,000,000 na unazaa asilimia 9 kwa mwaka, yaani 1,800,000. Kamati inafurahi na kulipa ada kwa 1,800,000 yote. Lakini kama bei za vitu zimepanda asilimia 4 mwaka huo, mtaji umepoteza nguvu ya 800,000 bila mtu yeyote kuiba. Kinachofaa kutumika ni 1,000,000, na 800,000 irudi kwenye mtaji. Mkila yote kila mwaka, baada ya miaka ishirini mfuko utakuwa bado na milioni 20 kwenye karatasi, na haitatosha ada ya watoto wale wale. Mtaji utakuwa umedumu na huduma itakuwa imekatika. Hapo mnaona tofauti ya maneno yale mawili kwa shilingi. Najua ni vigumu kumwambia mama mlezi kwamba mtoto wake wa nne hawezi kupokelewa mwaka huu ilhali fedha zinaonekana benki. Kamati lazima iwe na ujasiri wa kulieleza hili kwenye mkutano mkuu wa usharika, kwa hesabu zilizo wazi, siyo kwa kunong'ona baada ya ibada.

Nawageukia wageni wetu wapendwa, kwa heshima. Mnatuomba katika fomu zenu tuahidi huduma isiyokatika, na mna haki. Lakini mradi wenyewe ni wa miaka mitatu, na mara nyingi fomu haina mstari wa vipuri. Pampu ya Afridev iliyoko katika vijiji vyetu ina mipira na beringi za plastiki zinazolika kwa matumizi. Waliobuni pampu hiyo walijua zitalika, ndiyo maana waliitengeneza ifunguliwe na wanakijiji wenyewe kwa spana moja. Waliobuni walipanga kuharibika. Mikataba yetu haipangi. Naomba fomu zijazo ziwe na mahali pa kuandika nani atanunua mpira wa mwaka wa tano, na sisi tukiandika jibu la kupendeza tu, mturudishie fomu. Vilevile wanapokuja watu wenye mashine wanazodai zinajiendesha milele bila mafuta wala jua, msitusaidie kuzinunua. Mashine ya namna hiyo haipo, msuguano unakula nguvu yake kama nondo anavyokula shuka. Yupo mtu alifika hadi kwenye ofisi ya usharika mmoja akiwa na picha nzuri sana.

Kwa wajumbe wa kamati, kabla ya kikao cha robo mwaka ijayo naomba kila usharika ulete vitu hivi. Kwanza, majina ya wanaosaini hundi kama yalivyo benki leo, siyo kama mnavyodhani yalivyo. Pili, nakala ya hati ya kiwanja yenye mwaka wa mwisho umepigwa mstari. Tatu, kwa kila mradi, jina la anayeshika funguo na jina la atakayezipokea, na yule wa pili awe ameshaonyeshwa mlango unavyofunguliwa. Wenye miradi ya maji waje pia na barua kutoka chombo cha watoa huduma ya maji cha eneo lao. Mwenyekiti aliyekaa miaka kumi na minane asidhani namlenga yeye. Ninamlenga, lakini kwa upendo, na Eleazari wake yupo hapa ukumbini.

Fomu ziko mezani kwa katibu muhtasi, mlango wa kulia. Zimeandikwa kwa Kiswahili, na pale palipokuwa na "milele" tumeandika "bila kukatika". Nakaribisha maswali.